Kinyonga Aliyedhaniwa Mlevi

Maganda ya mayai yakikaangwa kwenye kikaango kikavu hutoa harufu ambayo si ya chakula na si ya uchafu. Huanza kama unywele uliogusa moto, kisha hugeuka kuwa kama vumbi lililonyeshewa. Juzi jirani yangu alikuwa akiyakaanga kwa ajili ya kuku wake, na mimi nilikuwa nafua upande wa pili wa ukuta. Niliacha nguo kwenye beseni nikasimama, povu likinikaukia mikononi. Harufu ile ilinirudisha Old Moshi, nyumbani kwa Bibi, kwenye msimu wa baridi nilipokuwa darasa la tatu na nikamlea kinyonga.

Najua baadhi yenu mmeshavuta miguu. Sisi wa rika hili tuliokulia mlimani tulifundishwa kumwogopa kinyonga kuliko nyoka. Nyoka alipigwa fimbo, kinyonga alikimbiwa. Lakini huyu wangu sikupata nafasi ya kumkimbia. Baba alikuwa akipunguza uzio wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayozungushia vihamba vyetu, yaani mashamba ya nyumbani, kwa sababu siku hiyo Mama alikuwa anarudi kutoka hospitali na mdogo wangu mchanga. Tawi lilikatika, na kitu cha kijani, kirefu kama kidole changu cha mwisho, kikaangukia kwenye sweta langu la shule kikaning'ang'ania. Nilihisi vikucha vyake kupitia sufu. Vilikuwa vyepesi kama sindano isiyosukumwa.

Binamu yangu Anansia, aliyenizidi miaka mitatu na hakuacha kunikumbusha, alipiga kelele "Mama yangu weee!" akapotea nyuma ya zizi. Bibi akatokea mlangoni, mkono kifuani.

"Manka, tupa hicho kitu! Leo leo mtoto anaingia nyumbani, na wewe unaleta kinyonga?"

"Naye ni mtoto, Bibi."

"Mtoto wa nani?"

Nikaanza kulia. Baba, ambaye siku hiyo alikuwa na furaha ya kupata mtoto wa pili na hakutaka kilio nyumbani, akatoa hukumu panga likiwa bado mkononi. Kinyonga angekaa nyuma, kwenye kibanda cha Bibi cha kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Chumbani kwa Mama asingeingia kabisa. "Na siku Mama anatoka nje na mtoto, yeye anarudi kwenye uzio. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba."

Kwa wale ambao hawakulelewa kwetu, nieleze. Mama akijifungua alikaa ndani kama miezi mitatu. Hakulima, hakubeba maji, hakwenda sokoni. Alilishwa mtori wa ndizi na nyama yenye mifupa mpaka mashavu yakarudi, na siku ya kutoka ndugu walikuja kumwona yeye na mtoto. Kwa hiyo nilikuwa na miezi mitatu. Kwa mtoto wa darasa la tatu, huo ulikuwa umri mzima.

Nilimpa jina la Taratibu. Nilimweka kwenye tenga la kubebea ndizi, nikachomeka vijiti ndani, nikafunika juu kwa kitambaa. Chakula hakikunisumbua hata kidogo. Kibanda cha mbege kilikuwa na vinzi vidogo vyenye macho mekundu, vile vinavyozaliwa mahali popote penye ndizi zilizoiva kupita kiasi. Vilikuwa wingu zima juu ya vyombo vya Bibi. Nilifunua kitambaa, nikaweka ganda la ndizi ndani ya tenga, na vinzi vikaja vyenyewe. Ulimi wa Taratibu ulitoka na kurudi kabla sijapepesa macho. Nilikaa mbele yake mpaka uji wangu ukapoa, nikijisifu kwamba hakuna mfugaji Kilimanjaro nzima aliyelisha mnyama wake kwa jasho dogo kama langu.

Maji nilimwekea kwenye kisosi. Hakuyagusa. Siku moja nilimrushia matone kwa bahati mbaya wakati nakung'uta mikono, nikamwona analamba tone kwenye jani. Tangu hapo nikawa nanyunyizia majani asubuhi na jioni. Hilo nililipatia mapema, na mpaka leo nalihesabu.

Kwa majuma matatu alikua. Kisha akaanza kutetemeka.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka kueleza kosa lenyewe polepole, maana halikuwa la uvivu. Kila mtu anajua kwamba kinyonga hutembea akiyumba. Hunyanyua mguu, huusogeza mbele, huurudisha, kama mtu anayejaribu joto la maji. Nilipomwona anayumba zaidi, niliona tu kinyonga anayezidi kuwa kinyonga. Lakini siku moja aliachia kijiti akaanguka kwenye sakafu ya tenga, chali. Nilimrudisha, akaanguka tena. Akarusha ulimi kumlenga nzi, ulimi ukaishia njiani, ukaning'inia, ukarudi mdomoni kidogo kidogo.

Anansia, ambaye sasa alithubutu kuchungulia kutoka mlangoni, aliangua kicheko.

"Amelewa huyo!"

"Hajalewa."

"Manka, fikiri. Nzi wanakunywa mbege kutwa. Yeye anakula nzi kutwa. Sasa unataka awe nani, mchungaji?"

Nilifikiri, na hesabu ilikubali. Jumamosi wanaume walikuja kunywa uani kwa Bibi, na nilishawaona wakiondoka wakinyanyua mguu, wakiusogeza mbele, wakiurudisha. Mmoja wao hata ulimi ulikuwa haumfikii mwisho wa neno. Taratibu alikuwa mlevi, na mimi ndiye niliyemlevya.

Basi nikamtibu ulevi kwa njia nilizoziona nyumbani kwetu. Kwanza, nilimkataza pombe: nikaondoa ganda la ndizi, nikafukuza vinzi. Pili, mlevi huumwa kichwa akiona mwanga, kwa hiyo nikalifunika tenga lote kwa gunia. Tatu, asubuhi baada ya pombe wanaume waliomba mtori wa moto. Nilichota kijiko kimoja kwenye bakuli la Mama, nikaupuliza, nikampaka Taratibu mdomoni. Alifumba jicho moja akaniacha na kijiko changu. Sikujua bado kwamba kinyonga hahesabu kuwa chakula kitu chochote kisichotembea. Nilimwambia, "Ukipona utakula," nikarudisha gunia.

Siku ya tatu nilipolifunua, alikuwa na rangi ya majivu, na mguu wake wa mbele wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu nilipoelewa kwamba kitu kinaweza kufa kwa sababu yangu.

Asubuhi hiyohiyo alikuja Bwana Mifugo kumtazama ng'ombe wetu. Alikuwa ofisa aliyezunguka vijijini kwa pikipiki na mkoba wa dawa, na tulimwita kwa cheo chake tu. Nilimngoja amalize. Nilimwona akiingiza mkono mzima mpaka begani kwenye ng'ombe bila kukunja uso, nikaona huyu ndiye mtu wa kumweleza.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Una nini kwenye tenga, kifaranga?"

"Kinyonga. Amelewa hapati nafuu."

Alikuwa anainama, akanyooka ghafla akarudi nyuma hatua tatu, mpaka akagonga ndoo. "Hapohapo! Nioneshe ukiwa hapohapo."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe! Mtu wa serikali!"

"Bibi, kila mtu na mnyama wake," alisema Bwana Mifugo, akijifuta mikono. Lakini hakuondoka. Kutoka umbali ule alinihoji kama daktari wa kweli. Anakula nini? Vinzi vya mbege peke yake? Anakaa wapi? Gizani? Tangu lini hajaona jua?

Nilijibu yote, pamoja na gunia na mtori. Hakunicheka. Alichuchumaa akanitazama machoni.

"Hajalewa. Mifupa yake imelainika. Mnamkumbuka ng'ombe wenu yule mwekundu, alipozaa akatetemeka akashindwa kuinuka? Nilimtia dawa ya maji yenye madini ya chokaa kwenye mshipa, akasimama. Na Bibi, kuku wako akitaga yai laini kama mfuko, unampa nini?"

"Maganda," Bibi alisema. "Nakaanga maganda ya mayai, nayaponda."

"Ndicho anachokosa huyu. Vinzi vile vina nyama, havina chokaa. Mtoto anayekua akikosa chokaa chakulani, mwili unaikopa kwenye mifupa yake mwenyewe, mpaka hata ulimi unakosa nguvu. Na hata ukimpa chokaa, bila jua mwili hauishiki. Jua lenyewe, siyo la kupitia kioo cha dirisha."

"Nimpe ile ya ng'ombe?"

"Hapana. Ile imechanganywa kwa mwili wa ng'ombe. Huyu mpe unga wa ganda la yai, laini kabisa, kiasi kinachobaki kidoleni ukigusa ukuta uliopakwa chokaa. Kila siku mpaka apate nguvu, kisha siku moja moja. Mpe kupitia wadudu. Na wadudu wenyewe washibishe majani kwanza, maana atakula na kilichomo tumboni mwao."

"Atapona?"

Alivaa kofia yake ya pikipiki kwanza. "Kilichopinda hakitanyooka. Lakini anaweza kupata nguvu ya kushika. Una muda gani?"

Nilihesabu. Mama alikuwa amebakiza miezi miwili. Kama siku hiyo ingefika Taratibu hajaweza kushika tawi, Baba angemrudisha uzioni hivyohivyo, kwa sababu tulielewana. Na chini ya uzio ule kuku wa Bibi walichakura kutwa nzima.

Maganda yalikuwepo. Tatizo lilikuwa unga. Kwa kinu yalitoka punje punje, makubwa kwa mdomo ule. Nyumbani kulikuwa na kitu kimoja tu cha kuyasaga yawe laini: jiwe la Bibi la kusagia ulezi wa mbege. Nilipoliomba, kicheko chake kilikwisha.

"Jiwe la mama mkwe wangu? Kwa kinyonga?"

Sikubishana. Nilikaa jikoni nikaponda maganda kwa jiwe la mtoni kwenye sahani ya bati, mpaka vidole vikapata malengelenge, na bado unga ulikuwa kama mchanga. Nadhani ile kelele ndiyo iliyomshinda. Alikuja akaninyang'anya sahani, akakaanga maganda tena kidogo yakauke, akapiga magoti mbele ya jiwe lake, akasaga. Kisha akachekecha kwa kitambaa cha chai. Ulitoka unga mweupe, laini kuliko wa ngano.

"Ni kwa ajili ya kuku," alisema. "Ukichukua kidogo, sijaona."

Kuanzia hapo maisha yangu yalikuwa na ratiba. Nilipindua stuli ya jikoni miguu juu, nikaizungushia kipande cha chandarua kikuukuu, hilo likawa banda lisilozuia jua. Kabla ya shule nilikamata panzi wadogo kwenye umande, wakati bado wamekufa ganzi. Kipimo nilijifunza kwa kukosea: panzi asizidi upana wa kichwa cha anayemla. Niliwafungia kwenye kopo na majani ya maboga na kipande cha karoti, wakashiba. Nikirudi shule nilitia unga kidogo kwenye kopo jingine, nikatia panzi, nikatikisa. Walitoka weupe kama watu waliotoka mashine ya kusaga.

"Wamejipaka poda," alisema Anansia. "Harusi ya nani?"

"Shika kopo, acha maneno."

Akashika. Mwishowe yeye ndiye aliyekuwa hodari wa kukamata, ingawa alinikabidhi kwa mkono ulionyooka, uso ameugeuza.

Mwanzoni Taratibu hakuweza kurusha ulimi hata kidogo. Nilipasua kijiti cha mwanzi nikapata koleo, nikamshikilia panzi mbele ya mdomo wake, miguu ya panzi ikicheza. Nilingoja. Mkono uliuma, nikabadilisha, nikangoja tena. Siku ya kwanza alikula mmoja. Jioni Mama, ambaye alikuwa hajawahi kumwona, aliniuliza kutoka chumbani, "Amekula wangapi?" Nikasema mmoja. Akasema, "Mmoja ni chakula, mwanangu," akarudi kunyonyesha. Tangu hapo aliuliza kila jioni, nami nilikimbia kutoka uani nikiwa na jibu tayari.

Lililobaki lilikuwa jua, na mnajua mlima wetu mwezi wa saba. Ukungu hushuka ukakaa, na chini ya migomba hata saa sita mchana ni kama jioni. Mahali pekee palipokatwa miti ni pale penye meza za kuanikia kahawa. Bibi alizilinda meza zile kama macho yake: jua likitoka anafunua na kugeuza kahawa kwa viganja, mawingu yakija anafunika. Nilimwomba nafasi mwishoni mwa meza, akanionesha kwa kidevu. Stuli yangu ikakaa pale, nusu juani, nusu kwenye kivuli cha jani la mgomba, ili achague mwenyewe. Akikaa juani aligeuza ubavu, akautandaza, akawa mweusi kuvuta joto. Akizidiwa alifungua mdomo na kupauka, nami nikajua ni wakati wa kivuli na matone ya maji.

Nilipokuwa shuleni, hakukuwa na mtu wa kumsogeza ila Bibi. Hakukubali kamwe kwamba anamsogeza. Lakini nilirudi nikakuta stuli imehamia upande wa jua la mchana, na fimbo ndefu imelala chini yake. Alikuwa akiisukuma kwa fimbo.

Wiki ya tatu alishika kidole changu, na nilipojaribu kukitoa alikataa. Wiki ya tano nilirudisha koleo nyuma kidogo, upana wa vidole viwili, na ulimi ukatoka. Ulifika. Nilipiga kelele mpaka Mama akagonga dirisha akidhani nimeungua. Kila siku nilirudisha koleo nyuma kidogo. Mguu wa kushoto ulibaki umepinda, kama alivyosema Bwana Mifugo, na Taratibu akajifunza kuutumia hivyohivyo, akilinasa tawi kwa kiwiko.

Siku ya Mama kutoka nje, ndugu walifika kutoka Masama na Himo. Wanawake walijaa uani na vitenge vipya, ndizi zilichemka, Mama alikaa kwenye kiti na mdogo wangu, mashavu yaking'aa. Baba alinitafuta kwa macho. Akaelekeza macho kwenye uzio.

Nilimtoa Taratibu kwenye stuli mbele ya watu wote. Uwanja ulifunguka wenyewe. Shangazi mmoja alikanyaga sahani. Nilitembea mpaka uzioni, nikanyoosha mkono kwenye tawi lililo juu ya kichwa changu, nikangoja. Chini, kuku wawili walichakura. Baba alisimama kando yangu, mkono wake wazi chini ya tawi bila kuligusa, na nilielewa kwamba yuko tayari kumdaka. Baba yangu, ambaye hakuwahi kumgusa.

Taratibu alinyanyua mguu wa kulia, akashika. Akanasa kwa wa kushoto. Akayumba. Mkia ukajizungusha kwenye jani, kidole changu kikabaki kitupu, na tawi likainama kidogo kwa uzito wake likatulia. Alipanda hatua nne. Jicho moja likageuka mbele, la pili likalifuata. Nzi mkubwa wa zizini alikuwa ametua kwenye jani, mbali kiasi cha mwili mzima wa Taratibu. Ulimi ulitoka na kurudi, na nzi hakuwepo.

"Ndiye yule?" Mama aliuliza nyuma yangu. Alikuwa amesimama na mtoto begani, karibu kuliko mtu mwingine yeyote.

"Ndiye, Mama."

"Kumbe ni mzuri."

Mwanamke wa Masama aliuliza kwa sauti ya woga nani aliyefuga kitu kile. Bibi alikuwa hatua sita nyuma, na hakusogea hata moja, lakini alijibu kabla yangu.

"Mjukuu wangu. Mlikuwa hamjui? Alikuwa hawezi kusimama huyo, mifupa kama uji. Tukampa maganda ya mayai, laini, siyo ya kuponda ovyo, ya kusaga. Na jua. Bila jua unajisumbua bure. Na panzi usimpe hivihivi ana njaa, mshibishe kwanza." Akanigeukia. "Manka, njoo uwaeleze vizuri. Anza mwanzo."

Nikafuta mikono kwenye gauni, nikasimama katikati ya watu wazima, nikaanza mwanzo.